Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kanuni za Kuagiza Bidhaa na Kuyumba kwa Mahitaji katika Mnyororo wa Ugavi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kanuni zinazofuatwa na wafanyabiashara wanapoagiza bidhaa zinavyoweza kuyafanya mahitaji yaliyo tulivu dukani yaonekane kuwa mawimbi makubwa kiwandani. Hoja yetu ya msingi ni kwamba sehemu kubwa ya msukosuko huo haitoki kwa mlaji, bali huundwa ndani ya mnyororo wenyewe na watu wenye akili timamu na nia njema. Ili kuithibitisha hoja hii tumetumia hesabu ya kubuni kuhusu unga, mchezo wa kufundishia uliobuniwa Marekani, pamoja na visa vya kampuni za Procter & Gamble, Barilla na Cisco. Mwishoni tunautazama ugavi wa dawa nchini Kenya, ambako agizo lililokosewa humgusa mgonjwa.

1. Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haiwezi kuishia katika fasihi na isimu pekee. Sharti iweze kubeba pia mijadala ya bohari, kiwanda na zahanati. Kwa msingi huo, makala haya yanaichukua dhana moja ya taaluma ya biashara na kuifafanua kwa Kiswahili, kwa imani kwamba dhana ikieleweka vyema istilahi zake hazitakawia kupatikana.

Ni vyema kuanza kwa kufafanua istilahi chache. Mnyororo wa ugavi ni mfululizo wa ngazi ambazo bidhaa hupitia tangu kutengenezwa hadi kumfikia mlaji, yaani kiwanda, msambazaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja. Katika mnyororo huu bidhaa hushuka kuelekea kwa mlaji, ilhali maagizo hupanda kuelekea kiwandani. Akiba ni bidhaa ambazo kila ngazi imeziweka ghalani. Muda wa kungoja ni kipindi kati ya kutuma agizo na kupokea mzigo. Nayo kanuni ya kuagiza ni utaratibu ambao mfanyabiashara huufuata ili kujibu maswali mawili: niagize lini, na niagize kiasi gani?

Maswali haya yanaonekana kuwa mepesi. Hata hivyo, jinsi yanavyojibiwa huweza kukifanya kiwanda kiajiri vibarua mwezi huu na kuwafukuza mwezi ujao, ilhali mlaji hakubadili chochote katika chakula chake. Hali hii ndiyo tunayoiita athari ya mjeledi.

2. Chimbuko la Dhana

Mtaalamu aliyeanza kuichunguza hali hii kwa kina ni Jay Forrester wa chuo cha MIT nchini Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1958, na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1961, Forrester alionyesha kwamba viwanda huweza kuyumba kwa sababu ya muundo wao wenyewe, hasa kuchelewa kwa habari na kwa mizigo, hata pale ambapo soko halijayumba.

Jina la mjeledi lilikuja baadaye. Wasimamizi wa kampuni ya Procter & Gamble walipokuwa wakichunguza maagizo ya nepi za watoto za Pampers, walikumbana na jambo la kushangaza. Watoto wachanga hutumia nepi kwa kiwango kisichobadilika sana, na mauzo ya madukani yalipanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu. Lakini maagizo ya wasambazaji kwa kampuni hiyo yaliyumba zaidi, na maagizo ya kampuni yenyewe kwa wauzaji wa malighafi yaliyumba zaidi ya hayo. Mnamo mwaka 1997, Hau Lee, V. Padmanabhan na Seungjin Whang walikitangaza kisa hiki katika maandishi yao pamoja na uchambuzi wa vyanzo vyake.

Tamathali hii inafaa sana katika Kiswahili. Mjeledi una mpini na ukanda mrefu wa ngozi. Anayeushika hutikisa kiganja kidogo tu, lakini mtikisiko huo hukua kadiri unavyosafiri, hata ncha ikavuma hewani. Neno kiboko halingefaa hapa, kwa kuwa fimbo ngumu haikuzi mtikisiko wa mkono. Mlaji ndiye kiganja, kiwanda ndicho ncha, na ukanda ulio baina yao ni zile kanuni za kuagiza.

3. Hesabu ya Unga

Tuchukue mfano wa kubuni. Unga unatoka kinuni, unapita kwa msambazaji, kisha kwa muuzaji wa jumla, hadi dukani. Kwa muda mrefu wateja wa duka wamekuwa wakinunua magunia 100 kwa wiki, na kila ngazi ina akiba ya magunia 100. Kila mmoja anafuata kanuni moja iliyo rahisi na yenye busara: mwisho wa wiki niwe na akiba inayotosha mauzo ya wiki moja, kwa kuchukulia kwamba wiki ijayo itafanana na hii. Ili tusiitatize hesabu, tuchukulie pia kwamba mzigo hufika katika wiki ileile ulioagizwa.

Sasa mahitaji ya wateja yanapanda hadi magunia 110 na kubaki hapo daima. Mwenye duka ameuza magunia 110, hivyo anaagiza 110 ya kufidia aliyouza, na 10 zaidi ili kuinua akiba yake kutoka 100 hadi 110. Agizo lake ni 120. Muuzaji wa jumla haoni wateja wa duka. Anachoona ni agizo la 120. Kwa kanuni ileile anaagiza 120 na kuongeza 20 ya akiba, jumla 140. Msambazaji naye anaagiza 180, na kinu kinasaga 260. Jedwali lifuatalo linaonyesha wiki zinazofuata.

Jedwali la 1: Magunia yanayoagizwa au kusagwa (mahitaji ya mlaji ni 110 kila wiki)

Wiki ya 1: duka 120, jumla 140, msambazaji 180, kinu 260
Wiki ya 2: duka 110, jumla 100, msambazaji 60, kinu 0
Wiki ya 3: duka 110, jumla 110, msambazaji 120, kinu 120
Wiki ya 4: duka 110, jumla 110, msambazaji 110, kinu 100
Wiki ya 5: duka 110, jumla 110, msambazaji 110, kinu 110

Ongezeko la asilimia 10 kwa mlaji limekuwa ongezeko la asilimia 160 kinuni. Wiki iliyofuata kinu kimesimama kabisa, ingawa wateja bado wananunua magunia 110. Msimamizi wa kinu anayetazama takwimu zake pekee ataapa kwamba soko limepagawa, kumbe soko limepanda ngazi moja na kutulia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mawimbi anayoyaona yameundwa na kanuni iliyorudiwa mara nne.

Kosa liko wapi? Agizo moja limebeba ujumbe wa aina mbili bila kuutenganisha, yaani kiasi kilichouzwa na kiasi cha kurekebisha akiba. Ngazi ya juu hulipokea lote kana kwamba ni mahitaji halisi, kisha huongeza marekebisho yake juu ya marekebisho ya mwenzake.

Tubadili kanuni kidogo. Tuseme kila ngazi iagize kilichouzwa, lakini pengo la akiba izibe sehemu moja tu kwa tano kila wiki. Katika wiki ya 1 mwenye duka ataagiza 112, wa jumla takriban 114, msambazaji takriban 117, na kinu kitasaga takriban 121. Walaji ni walewale na unga ni uleule, lakini kilele cha kinu kimeshuka kutoka 260 hadi 121. Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo huo una ushahidi wa hesabu.

4. Vyanzo Vinne

Lee na wenzake walivitaja vyanzo vinne vya athari hii. Kila kimoja kimefungamana na jinsi watu wanavyoagiza.

(a) Makadirio ya mahitaji

Mwagizaji hukadiria mahitaji ya kesho kwa kutazama ya jana. Akiyategemea mno mauzo ya siku chache, kila mtikisiko mdogo humfanya abadili makadirio, akiba anayoilenga na hatimaye agizo lake. Muda wa kungoja huzidisha tatizo, kwa kuwa makadirio hayo hutumika kwa wiki zote za kungoja. Mnamo mwaka 2000, Frank Chen, Zvi Drezner, Jennifer Ryan na David Simchi-Levi walitoa kanuni ya hisabati ya jambo hili. Tuchukulie mahitaji ya wiki moja hayategemei ya wiki nyingine, na mwagizaji huinua akiba hadi kiwango anachokilenga. Akitumia wastani wa wiki 5 na kungoja wiki 2, mtawanyiko wa maagizo yake, yaani kipimo cha kutengana kwake na wastani, utakuwa angalau mara 2.12 ya mtawanyiko wa mahitaji. Muda wa kungoja ukifika wiki 4, kiwango hicho hupanda hadi mara 3.88. Lakini akingoja wiki 2 na kutumia wastani wa wiki 20, hushuka hadi mara 1.22. Kwa hivyo, kumbukumbu ndefu na safari fupi hutuliza mjeledi.

(b) Kuagiza kwa mafungu

Duka linaweza kuuza magunia 10 kila siku bila kubadilika. Lakini kwa kuwa lori lililojaa lina nafuu ya nauli, mwenye duka huagiza magunia 70 mara moja kwa wiki. Mgavi wake ataona sifuri kwa siku 6, kisha 70. Maduka mengi yakiagiza siku moja, mathalani mwanzo wa wiki au mwisho wa mwezi, mafungu hayo hulundikana na kuwa wimbi.

(c) Kubadilika kwa bei

Punguzo la bei huwashawishi wanunuzi kununua zaidi ya wanachohitaji. Mfano maarufu ni wa Barilla, kampuni ya Italia iliyoanzishwa Parma mwaka 1877. Tambi kavu ni chakula cha kila siku huko Italia, na ulaji wake hauyumbi sana. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 maagizo ya wasambazaji kwa Barilla yalipanda na kushuka kwa kishindo kila wiki. Kampuni iliugawa mwaka katika vipindi 10 au 12 vya mauzo, kila kipindi na mapunguzo yake, na wauzaji wake walizawadiwa kwa kufikia viwango vya kipindi. Tena palikuwa na nafuu kwa aliyenunua lori zima. Msambazaji aliyefuata masilahi yake alijaza ghala wakati wa punguzo na kukaa kimya baadaye. Kampuni iliyalalamikia mawimbi ambayo sera zake zenyewe zilikuwa zikiyachochea.

(d) Hofu ya uhaba

Bidhaa ikiadimika, mgavi huigawa kwa uwiano wa maagizo. Mteja akilijua hilo huagiza maradufu ili apate nusu anayoihitaji, au hutuma agizo lilelile kwa wagavi wawili. Uhaba ukiisha, maagizo hayo ya bandia hufutwa ghafla. Mwaka 2001, soko la vifaa vya mawasiliano lilipoanguka, kampuni ya Cisco ya Marekani ililazimika kufuta katika vitabu vyake akiba yenye thamani ya takriban dola bilioni 2.2. Miongoni mwa sababu ni kwamba maagizo yaliyokuwa yakionekana kuwa mahitaji yalikuwa yamerudufishwa. Hali ya namna hiyo ilijitokeza tena baada ya janga la korona. Wauzaji waliokumbwa na uhaba waliagiza kwa wingi, na mnamo Juni 2022 kampuni ya maduka ya Target ilitangaza kwamba ingefuta baadhi ya maagizo na kupunguza bei ili kuondoa akiba iliyozidi.

5. Lawama na Mchezo wa Bia

Huenda msomaji akauliza: je, watu wakielimishwa hawataacha makosa haya? Jibu linapatikana katika mchezo uliobuniwa MIT, unaojulikana kama mchezo wa bia. Wachezaji wanne hushika nafasi za muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja huanza na kreti 12. Kila kreti inayokaa ghalani hugharimu senti 50 za dola kwa wiki, na kila kreti anayodaiwa mteja bila kutolewa hugharimu dola 1. Mahitaji ya mlaji ni kreti 4 kwa wiki katika wiki 4 za mwanzo, kisha hupanda hadi 8 na kubaki hapo hadi mwisho. Wachezaji hawaruhusiwi kuzungumza, na ni muuzaji wa rejareja pekee anayeyaona mahitaji halisi.

John Sterman aliyachambua matokeo ya mchezo huu katika makala ya mwaka 1989. Gharama ya chini ambayo kundi lingeweza kupata ilikuwa dola 204. Wastani wa makundi ulikuwa dola 2,028, karibu mara kumi. Kosa kuu la wachezaji lilikuwa kusahau mizigo iliyo njiani. Mchezaji aliona ghala lake likipungua, akaagiza. Wiki iliyofuata mzigo ulikuwa bado haujafika, naye akaagiza tena kana kwamba agizo la kwanza halikuwepo. Mizigo yote ilipowasili, alizama katika akiba.

Linaloshangaza zaidi ni lawama. Walipoulizwa wachore mahitaji ya mlaji yalivyokuwa, wachezaji wengi walichora milima na mabonde. Walipoonyeshwa kwamba mahitaji yalipanda mara moja tu kutoka 4 hadi 8, hawakuamini. Hili lina funzo pana. Maadamu kila mmoja anaamini kwamba dhoruba imetoka nje, hakuna atakayeichunguza kanuni yake mwenyewe, na dhoruba itarudi.

6. Tiba na Mipaka Yake

Kwa kuwa vyanzo vinajulikana, tiba pia zinajulikana. Ya kwanza ni kushirikiana habari, yaani ngazi ya juu ione mauzo halisi ya dukani badala ya kubahatisha kutokana na maagizo. Ya pili ni kumpa mgavi jukumu la kuamua kiasi cha kupeleka kulingana na mauzo hayo. Hivyo ndivyo walivyofanya Procter & Gamble na Walmart kuanzia miaka ya 1980. Barilla nayo ilibuni mpango wa aina hiyo chini ya Brando Vitali, ukaendelezwa na Giorgio Maggiali. Upinzani mkubwa ulitoka kwa wasambazaji, ambao hawakutaka kuzitoa takwimu zao, na pia kwa idara ya mauzo ya kampuni yenyewe, ambayo iliona zawadi zake zikiyeyuka. Mjeledi haudumishwi na ujinga peke yake. Unadumishwa pia na watu wanaofaidika nao.

Tiba nyingine ni kufupisha muda wa kungoja, kuagiza kidogo kidogo na mara kwa mara, kutuliza bei, kuhesabu mizigo iliyo njiani pamoja na iliyo ghalani, na wakati wa uhaba kugawa bidhaa kwa kuzingatia mauzo yaliyopita badala ya ukubwa wa maagizo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudai kwamba athari hii hujitokeza kila mahali. Mwaka 2007, Gérard Cachon, Taylor Randall na Glen Schmidt walichunguza takwimu za sekta za Marekani na kugundua kwamba wauzaji wa jumla huonyesha athari hii, lakini wauzaji wa rejareja kwa ujumla hawaionyeshi, na hata viwanda vingi huyatuliza mahitaji badala ya kuyakuza, hasa pale ambapo mahitaji hubadilika kwa misimu. Aidha, utulivu una gharama. Anayeziba pengo la akiba polepole hukaa na akiba pungufu kwa muda mrefu zaidi, na mahitaji yakiwa yamepanda kweli anaweza kuishiwa. Kanuni njema hupima gharama za pande zote mbili.

7. Dawa katika Zahanati

Hadi hapa tumezungumzia unga, bia na tambi. Tuigeukie bidhaa ambayo kukosekana kwake hakulipiki kwa fedha. Kuanzia miaka ya 1980, vituo vya afya vya mashambani nchini Kenya vilipelekewa dawa katika makasha yaliyofungwa tayari, yenye aina na viwango vilevile. Baadaye nchi ilihamia utaratibu wa kituo chenyewe kuagiza kinachohitajika kutoka KEMSA, taasisi ya ugavi wa dawa iliyoundwa mwaka 2000. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, kaunti ndizo zenye jukumu la kununua dawa za vituo vyake. Mabadiliko haya yalimpa mhudumu wa zahanati sauti. Yalimpa pia kanuni ya kuagiza, na hapo ndipo hatari tuliyoieleza inapojificha.

Tubuni zahanati inayohitaji dozi 100 za dawa fulani kila mwezi na kuagiza kila baada ya miezi 3. Dawa ikikosekana kwa miezi 2 kati ya hiyo 3, daftari litaonyesha dozi 100 tu zilizotolewa. Mhudumu akigawanya kwa 3 atapata wastani wa 33 hivi kwa mwezi, na ataagiza dozi 100 kwa miezi 3 ijayo ilhali wagonjwa wanahitaji 300. Wagonjwa waliorudi nyumbani mikono mitupu hawakuandikwa popote, kwa hivyo uhaba wa jana umezaa uhaba wa kesho. Au mhudumu huyo, akikumbuka uhaba, ataagiza 600 ili kujikinga. Hapo dawa zinaweza kupitwa na wakati kabatini mwake huku zahanati ya jirani haina hata moja. Katika hali ya kwanza bohari kuu itadhani ugonjwa umepungua. Katika ya pili itadhani kuna mkurupuko. Zote ni dhana potofu.

Marekebisho yake hayahitaji mitambo ya gharama kubwa. Dozi 100 zigawanywe kwa mwezi 1 ambao dawa ilikuwepo, si kwa miezi 3, na wastani sahihi wa 100 utapatikana. Siku za ukosefu ziandikwe. Dozi zilizoagizwa na bado hazijafika zihesabiwe. Nao wanaopokea maagizo waone takwimu za matumizi kando ya agizo lenyewe.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba agizo si kioo safi cha mahitaji. Ni kauli ya mtu aliyechanganya alichouza, anachotabiri, anachokiogopa na anachotumaini kukipata kwa bei nafuu. Kauli hiyo ikipita katika ngazi nne, kila moja ikiongeza yake, anayeisikia mwisho husikia habari isiyofanana na ya mwanzo. Kwa hivyo, kabla ya kumlaumu mlaji kwa kigeugeu, yafaa kila ngazi ijiulize ni kiasi gani cha msukosuko inaoulalamikia kimetoka kwenye daftari lake yenyewe.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, liko jukumu la ziada. Mwenye duka, dereva wa lori na mhudumu wa zahanati ndio wanaoshika mpini na ukanda wa mjeledi huu kila siku, na wengi wao huendesha shughuli zao kwa Kiswahili. Tukiendelea kuwaachia wataalamu wa Kiingereza maarifa ya aina hii, tutakuwa tumeyaweka mbali na mikono ile ile inayoweza kuutuliza.